Soma kifaa kwanza, ndipo uhesabu tarakimu

Wanafunzi wengi ninaowafundisha fizikia wamezikariri kanuni za tarakimu muhimu vizuri kabisa. Wakiingia maabara, zote zinayeyuka, wanaandika chochote kilichotokea kwenye kikokotoo. Nadhani shida ni mahali tunapoanzia. Tunaanza na kanuni za sifuri, wakati jibu lipo mezani, kwenye kifaa ulichoshika. Tarakimu muhimu ni zile ambazo kifaa kimekuhakikishia, pamoja na moja ya mwisho yenye shaka kidogo. Basi.

Chukua jaribio la penduli, yaani kizito kinachobembea kwenye uzi, ambalo karibu kila mwanafunzi wa sekondari hulifanya. Uzi una urefu wa nusu mita. Rula ya mita ina alama za milimita, kwa hiyo andika sm 50.0, usiandike 50 tupu. Ile sifuri baada ya nukta umeiona kwa macho yako. Ukiiacha, anayesoma jedwali lako atadhani hukuangalia milimita. Na safu nzima ifuate hivyo: 30.0, 40.0, 50.0.

Sasa muda. Stopwachi inaonyesha sekunde 28.41 kwa kubembea mara 20, kwenda na kurudi. Je, hiyo 1 ya mwisho ni ya kuaminika? Hapana. Kidole cha binadamu huchelewa kiasi cha sekunde 0.2 hivi tangu jicho lione. Andika 28.4. Hii pia ndiyo sababu tunahesabu mara 20 badala ya mara moja: kosa la kidole linagawanywa kwa 20. Ile 20 yenyewe ni idadi kamili, umeihesabu, hujaipima, kwa hiyo haipunguzi tarakimu za jibu.

Muda wa mara moja ni sekunde 1.42. Ukiingiza kwenye g = 4π²L/T², ambapo g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, L ni urefu wa uzi kwa mita (0.500) na T ni huo muda wa mara moja, kikokotoo kinatoa 9.78933188. Vipimo vyako vyote vilikuwa na tarakimu tatu, basi jibu ni 9.79. Hizo nyingine hakuna kifaa kilichozipima.

Lakini tafadhali, usikadirie katikati ya safari. Ukiifupisha 1.42 iwe 1.4 kabla ya kuipandisha kipeo cha pili, g inakuwa 10.1. Kazi yote nzuri ya mezani imeharibika kwa kalamu. Acha tarakimu za ziada kwenye kikokotoo hadi mwisho, ndipo ukadirie mara moja.

Turudi kwenye sifuri. Waya uliopimwa kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo, una kipenyo cha mm 0.40. Ukiugeuza kuwa mita unapata 0.00040. Je, tarakimu muhimu zimeongezeka? Hazijaongezeka, ni mbili zile zile, 4 na 0 ya mwisho. Sifuri za mbele zinaonyesha tu nafasi ya nukta; ya mwisho maikromita iliisoma. Sifuri iliyo katikati, kama kwenye 5.08, inahesabiwa siku zote.

Yenye utata kweli ni sifuri ya mwisho wa namba isiyo na nukta ya desimali. Kimo cha Kilimanjaro tulichofundishwa shuleni ni mita 5,895. Mtu akiandika 5,900, msomaji hawezi kujua kama amekadiria hadi tarakimu mbili au tatu. Hapo mimi huwaambia wanafunzi watumie vipeo vya kumi: 5.9 × 10³ ni mbili, 5.90 × 10³ ni tatu, na ubishi unakwisha.

Kujumlisha na kutoa kuna utaratibu wake, na hapa wengi huchanganya: usihesabu tarakimu muhimu, angalia nafasi za desimali. Sm 12.5 ukijumlisha na sm 0.34 unapata 12.84, lakini unaandika 12.8, kwa sababu kipimo cha kwanza kiliishia kwenye sehemu ya kumi ya sentimita.