Kabla ya kuamini namba, jua joto la kihisi

Kihisi cha sumaku hakijui kubagua. Sumaku ikisogea, volti zake hubadilika. Jua likipanda, hubadilika vilevile. Kazi ya kutenganisha hayo mawili ni yetu sisi tunaounda na kutengeneza vifaa vya kupimia, na hapa Mombasa hatuwezi kuipuuza. Kifaa kinapimwa karakanani chini ya feni, kisha kinakwenda kufungwa juu ya paa la saruji wakati wa kaskazi.

Kuna nyumba moja Kisauni iliyofungwa geji ya tangi: boya lenye sumaku ndani, kihisi cha Hall (aina inayotoa volti kulingana na nguvu ya sumaku iliyo karibu) ubavuni, namba zinakuja kwenye simu. Kila adhuhuri geji ilionyesha maji yamepungua. Kwa mtu anayenunua maji ya lori, namba kama hiyo inauma, na wapangaji walikuwa wameshaanza kushukiwa. Nilipoitwa nikafunga vali ya kuingiza na ya kutoa, tukaiacha usiku kucha na mchana wake. Adhuhuri namba zikashuka, usiku zikapanda. Maji yalikuwa palepale. Sumaku za ferati, zile nyeusi za bei nafuu, hupoteza takriban asilimia 0.2 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Toka nyuzi 25 za alfajiri hadi 50 ndani ya kasha lililopigwa na jua, hiyo ni asilimia 5, na geji ikadhani boya limeshuka. Kihisi chenyewe nacho kilikuwa na mchango wake. Wapangaji wakaachwa kwa amani, na hilo lilinifurahisha kuliko malipo.

Kwa hivyo, ewe unayeanza kazi hii, fahamu kwamba joto huharibu kwa njia mbili. Kwanza huhamisha sifuri: kihisi kinatoa namba hata pasipo na sumaku, kama mizani ya duka iliyosahauliwa kokoto kwenye sahani. Pili hubadilisha wepesi wa kuhisi: sumaku ileile inatoa namba kubwa zaidi au ndogo zaidi. Usizirekebishe kwa hesabu moja. Soma joto, toa sifuri ya joto hilo, kisha gawanya kwa wepesi wa joto hilo. Ukigeuza mpangilio, hitilafu unaibeba mbele.

Kuipata sifuri hakuhitaji maabara. Fungia kihisi na kipimajoto kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uanze kwenye friji, uje kwenye joto la chumba, umalizie kwenye maji ya moto kiasi. Kila hatua subiri namba zitulie. Sumaku ya dunia iko siku zote, kwa hiyo soma mara mbili: mara moja kihisi kikielekea upande mmoja, mara nyingine ukikigeuza kielekee upande wa pili kabisa. Wastani wa namba hizo mbili ndio sifuri yako.

Wepesi ndio wenye mtego. Wengi huweka sumaku karibu na kihisi, wakapasha vyote pamoja, wasijue wanapima udhaifu wa sumaku. Tumia koili ya waya wa shaba badala yake, kwa sababu nguvu yake hutegemea mkondo unaopita. Lakini shaba nayo ikipata joto, ukinzani wake hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi. Ukiilisha koili kwa volti zisizobadilika, mkondo utapungua na umerudi kulekule. Shikilia mkondo, si volti.

Na themista, yaani kipimajoto kidogo cha umeme, igundishwe kwenye mwili wa kihisi. Ukutani mwa kasha haifai. Nimeona kasha moja likiwa na joto tofauti kabisa pembe hii na ile, hasa panapokuwa na saketi inayojipasha yenyewe.

Vihisi vya kisasa vya sumaku, vinavyotumia GMR, yaani ukinzani wa tabaka nyembamba za metali kubadilika sana mbele ya sumaku, jambo lililogunduliwa mwaka 1988 na Albert Fert na Peter Grünberg, wakapewa Nobel mwaka 2007, hupangwa vinne vinne katika daraja la Wheatstone, saketi inayolinganisha pande mbili na kutoa tofauti yake tu. Viwili hufunikwa visiione sumaku. Joto likipanda, vyote vinne huhama pamoja na sehemu kubwa ya hitilafu hujifuta. Hujifuta ile ya sifuri; ya wepesi hubaki. Ndivyo ilivyo pia kwenye vihisi vya kibayolojia vinavyonasa chembe ndogo za sumaku zilizoshikamana na kingamwili (protini inayonasa kitu kimoja mahususi): kihisi cha pembeni kisicho na kingamwili husaidia kutoa athari ya joto kwenye umeme, lakini kasi ya kunasa yenyewe ni kemia, na kemia huenda mbio kukiwa na joto.

Hapo ndipo ninapowaomba wenye wazee wanaopima sukari nyumbani wanisikilize. Stripu ya sukari ni kihisi cha kibayolojia. Ndani yake mna kimeng'enya, protini inayoharakisha kemia, na kasi yake hufuata joto. Mashine ina kipimajoto chake na hufanya hesabu ya kurekebisha, ila hicho hupima joto la mashine. Ikiwa imetoka kwenye chumba cha AC au kwenye gari lililoegeshwa juani, iacheni itulie mahali mnapopimia kama nusu saa kabla ya kuchoma kidole. Stripu nyingi zinataka kuhifadhiwa chini ya nyuzi 30, na Januari hapa kwetu kabati la jikoni linapita hapo kwa urahisi. Unyevu wa bahari ni adui wa pili: chupa ifunikwe papo hapo, stripu zisihamishiwe kwenye kopo jingine, maana chupa yake ndiyo yenye dawa ya kufyonza unyevu. Namba ikikupa shaka, pima kwa maji ya kontroli ya mashine hiyohiyo (maji yenye sukari ya kiwango kinachojulikana) na ulinganishe na kiwango kilichochapwa kwenye chupa ya stripu, kabla mama hajabadilishiwa insulini.