Umefuta faili la kumbukumbu za mfumo lakini nafasi ya diski haijarudi

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kwa nini kompyuta ya skuli yenu, inayotumia Linux, ingali inalalamika kwamba diski imejaa ilhali faili la /var/log/syslog umeshalifuta kwa amri ya rm. Faili likifutwa huku programu bado imelifungua, huondoka kwenye orodha tu. Nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo iliachie, kwa hiyo andika sudo systemctl restart rsyslog, ili uanzishe upya rsyslog, programu inayoandika faili hilo, na siku nyingine tumia truncate -s 0, inayolifanya faili kuwa tupu bila kuliondoa, badala ya rm.

Lakini faili halinenepi hivi hivi. Lichungulie jipya kwa tail -f, inayoonyesha mistari mipya kadiri inavyoandikwa, maana mara nyingi utakuta ni kitu kimoja, printa iliyochomolewa kwa mfano, kinachorudia kosa lile lile kila sekunde, na kisipotengenezwa mtakuwa mkifuta mpaka mchoke.

Kwa upande wa journald, huduma nyingine ya mfumo inayohifadhi kumbukumbu, weka kikomo cha ukubwa, SystemMaxUse=500M, ndani ya /etc/systemd/journald.conf, kisha uanzishe upya huduma ya systemd-journald. Katika /etc/logrotate.d/rsyslog, yaani mipangilio ya logrotate, programu inayoweka kando faili za kumbukumbu za zamani na kuanza mpya, ongeza maxsize 100M, ingawa ukubwa huo hukaguliwa pale tu logrotate inapoendeshwa, kwa kawaida mara moja kwa siku.