Kama Hadithi Yako ya Kutisha Haikutishi, Iache

Juzi msomaji mmoja wa Sakina, Arusha, kanitumia ujumbe: "Kaka, habari za majukumu. Nina riwaya ya msukule, nimefika sehemu ya ishirini na nane na nimeichoka. Nikiifungua nasikia uvivu tu. Kundini watu wameshalipia. Niimalizie hivyo hivyo au niache? Wewe ile ya Chala uliiachaje?"

Nilitaka kumrekodia sauti tukamaliza, lakini najua mpo wengi. Kila anayenisoma ana riwaya iliyokwama kwenye simu, na nyingi zina jini ndani. Basi nawajibu wote.

Kwa wageni: ile ya Chala nilikuwa nairusha Facebook, vipande vya mwanzo bure, vilivyobaki kundini WhatsApp kwa shilingi elfu mbili. Wazo lake, nasema bila haya, mpaka leo sijaliona kwa mtu mwingine. Ziwa Chala mnalijua, lile la Rombo lililo ndani ya kreta, nusu letu nusu la Kenya. Kuta zake zimesimama wima, kina chake kinapita mita 90, na hakuna mto unaouona ukiingia. Maji yanatoka Kilimanjaro kwa chini chini, gizani. Mimi nikageuza. Kwenye riwaya yangu, usiku maji yanarudi yalikotoka. Yanapanda mlima, yanaibukia kwenye mifongo, ile mifereji yetu ya kumwagilia, yanapita katikati ya migomba hadi kwenye makaburi, na kila kaburi linaloguswa asubuhi linakutwa tupu. Mhusika ni kijana wa Dar aliyekuja Krismasi.

Watu hawakulala. Kuna dada wa Kiboriloni aliniambia aliacha kabisa kutoka nje usiku kwa sababu ya mfongo unaopita nyuma ya kwao. Hizo ni sifa ambazo hata tuzo haikupi.

Sura za katikati sina la kusimulia, niliandika tu. Tatizo lilianza nilipofika mahali ambapo babu wa yule kijana anatoka kaburini. Ilikuwa Desemba, nimepanda nyumbani Kirua Vunjo kama Wachagga wote, nikasema vizuri, nitaandikia pale pale penye mambo yenyewe. Kaburi la babu yangu lipo kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, hatua chache kutoka jikoni, limezungushiwa masale, mmea wetu wa heshima. Nikakaa nalo uso kwa uso, simu mkononi, nikisubiri woga uje.

Haukuja. Watoto wa dada yangu walikuwa wamekaa juu ya vigae vya kaburi wanakula ndizi. Baba mdogo akapita na kata ya mbege, akammiminia mzee kidogo, akamsimulia habari za mwaka, nani kaoa, nani kafukuzwa kazi, kisha akaniuliza kama kisusio, ile supu yetu ya damu, kimeiva. Mama alianika nguo pembeni yake. Huyo ndiye babu niliyetakiwa kumtoa kaburini na macho mekundu na kucha ndefu ili wanaolipa elfu mbili elfu mbili waongezeke kundini.

Nilijaribu. Kila sentensi ikawa ama ni matusi kwa mzee ama ni kichekesho. Sisi hatuwaziki wafu wetu mbali ili tuwaogope, tunawazika mlangoni ili wasikie tunavyoishi. Makaburi ya kutisha, yenye ukungu na geti linalolia, niliyaokota kwenye filamu, na yale hayana migomba. Usiku ule nikaifunga riwaya. Nikatangaza kundini kwamba imeishia hapo.

Hapo ndipo nikajua watu. Niliyoitwa siwezi kuyaandika hapa, "tapeli" ndilo lililokuwa la heshima. Mmoja akanihubiria habari za Stephen King, yule Mmarekani wa hadithi za kutisha, jinsi alivyotupa kurasa za mwanzo za riwaya yake Carrie, mkewe Tabitha akaziokota kwenye takataka, na mwaka 1974 kikawa kitabu. Hiyo hadithi kila anayeacha kuandika hupigwa nayo kichwani. Mbona hawasemi habari za The Plant? Mwaka 2000 King huyo huyo alianza kuuza riwaya kwa vipande kwenye intaneti, cha kwanza dola moja, msomaji akiachiwa uaminifu wake. Yaani kama sisi tu. Wanaolipa wakapungua, akafika kipande cha sita akaisimamisha, na mpaka leo haina mwisho. Hakufa.

Lakini dada yangu wa Sakina, sikiliza na hii. Kuna nyingine ya King huyo, Pet Sematary, aliyoiandika baada ya mwanawe mdogo kuponea chupuchupu barabarani. Aliiweka kando kwa kuwa ilimtisha yeye mwenyewe, ikaja kutoka 1983. Ile sasa ndiyo haikupaswa kuachwa. Ukiikimbia riwaya yako kwa sababu usiku inakufuata chumbani, rudi ukaimalize hata kama unalia. Ukiikimbia kwa sababu unapiga miayo, msomaji naye atapiga miayo, hata akikutumia emoji za moto.

Jiulize swali moja tu: huyo msukule wako ni nani? Kama ni mtu unayemjua, kama ukimwandika unamkumbuka ndugu aliyekufa ghafla na maneno yaliyozagaa msibani, endelea. Kama ni msukule wa kuokota, wa kuleta wafuasi, iache. Iache leo. Vijana tumezidi kuandika hofu za watu wengine, halafu tunashangaa hadithi zetu zote zinafanana mpaka jina la mganga. Mungu katupa mlima, kreta, mapango waliyojifichia wazee wetu enzi za vita, sisi tunaandika majumba ya Marekani. Iache, utafute kinachokuogopesha kweli.

Mimi linaloniuma si matusi. Kijana mmoja, niliyemfundisha mwenyewe namna ya kukata sura pabaya ili watu warudi, alichukua vipande vyangu akavimalizia na kuvirusha kwa jina lake. Unajua aliishaje? Mhusika anashtuka kitandani, kumbe ilikuwa ndoto. Maji yangu yanayopanda mlima, ndoto!

Kuhusu hela: tangaza kundini kabla hawajakuuliza, kisha mrudishie kila mmoja ya sehemu ambazo hajazipata, na makato ya kutuma uyabebe wewe. Ilinichukua muda, ila nimewarudishia wote, isipokuwa yule mwandishi wa ndoto. Yeye akitaka elfu mbili yake, anajua ninapokaa Pasua, aje aichukue mkononi.