Bibi ya nani?

Mwanangu,

Marahaba. Habari yako ya Kisumu nimeisoma mara mbili, nikacheka mpaka shangazi yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Yaani umemwambia mama yake mwenye nyumba, "Asante sana bibi," mwanawe akaguna, "Bibi ya nani?" Sasa unataka kujua ulimkosea nini mzee wa watu, na bibi maana yake nini hasa.

Hukumkosea, ulivuka mpaka tu. Kenya bibi ni mke. Mama wa baba au wa mama wanamwita nyanya, na huku kwetu Mwanza ukimwita bibi yako hivyo atakuuliza fungu shilingi ngapi. Ingawa hata huku wazee wa zamani walisema "bibi yangu" wakimaanisha mke, na bwana harusi mpaka leo anakaa na bibi harusi, hata awe binti wa miaka 22.

Wewe ukisikia bibi unaona mvi na mkongojo. Neno lenyewe halikuanzia kwenye umri. Waajemi na watu wa Bara Hindi nao wanalo, na kwao ni mwanamke wa heshima. Nilipokuwa darasa la tano kijijini alikuja bibi shamba mdogo kuliko ulivyo wewe sasa. Wazee wenye mazizi ya ng'ombe walimwita bibi shamba bila kutabasamu, wakamsikiliza habari za pamba. Na Bibi Titi Mohamed? Alizaliwa 1926. Mwaka 1955, alipoanza kuwakusanya akina mama waingie TANU, hata 30 hakuwa amefika. Bibi yake ilikuwa heshima, kama Bwana kwa mwanamume. Bi ndiyo hiyo hiyo imekatwa mkia: aliitwa Bi Kidude yule mkongwe wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki 2013, na utaiona Bi kwenye kadi ya harusi mbele ya jina la binti.

Bi mkubwa usimwite mtu usiyemjua. Vijana wa Mabatini wanamaanisha mama mzazi, sawa. Lakini kwenye nyumba ya wake wawili bi mkubwa ni yule wa kwanza, na bi mdogo yuko chumba cha pili anasikiliza.

Haya yote nayajua, lakini ngoja nikuambie. Juzi niko soko la Mwaloni Kirumba nimeinamia gunia la dagaa, nachambua kwa mkono kuona kama wana mchanga, nasikia nyuma yangu, "Bibi, pisha mzigo!" Kijana wa mkokoteni, jasho linamtiririka. Nikajinyoosha. "Bibi yako nani?" Mwanangu, nina miaka 54! Wauza dagaa wakaangua kicheko. Kijana akajikuna shingo: "Basi mama, samahani." Akapita, akarudi, akanibebea gunia mpaka barabarani bila kudai hata mia. Mama mmoja wa makamo akaniambia, "Mayu, ungemwacha tu, amekuheshimu." Nikakubali shingo upande. Hilo mayu alilonipa yeye halikuniuma kabisa, maana Kisukuma hakinihesabii miaka. Ni mama tu. Bibi nitaitikia siku utakayoniletea mjukuu, na hapo sijasema kitu.

Huyo mzee wa Kisumu mwite mama, utakuwa salama. Ukishazoeleka, sikiliza wajukuu zake wanamwitaje, umwite hivyo hivyo. Na shikamoo usiiache, hata kama wao hawaitumii sana. Mweleze tu aitikie marahaba.

Jumamosi kuna mtu anapanda basi kuja huko. Nimempa kilo tatu za dagaa, moja ni ya huyo mzee. Ukimpelekea mwambie ni omena, ndivyo wanavyoita dagaa huko, asije akauliza tena.

Mama yako