Ajira za bomba la mafuta nyingi ni za muda

Wapo wanaodhani bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga litawapa vijana wetu wa Mwanza ajira za kudumu. Hapana ndugu, zile ajira 10,000 na zaidi zinazonadiwa majukwaani ni za kipindi cha ujenzi, si za kudumu. Kuchimba mtaro, kuchomelea, ulinzi, kupika kambini: bomba likishafukiwa, nyingi zinaisha. Mdogo wangu alichomelea upande wa Geita; kipande chao kilipokamilika, mkataba ukaishia hapo. Zinazobaki ni za vituo vya kusukuma mafuta, vinne tu kwa kilomita 1,147 za Tanzania, na gati la Chongoleani, Tanga, mafuta yanapopakiwa melini. Na Mwanza bomba halipiti, linashuka Kagera, Geita, Shinyanga. Vijana wetu wa Igoma na Buhongwa, hapa Mwanza, waambiwe ukweli huo mapema. Ila mwenye ujuzi wa kuchomelea, hata kazi ya muda inampa uzoefu mkubwa.