Seli shina na tiba ya mtoto mwenye selimundu

Ndugu yangu, umeuliza kama kumtibu mwanao mwenye selimundu kwa seli shina (seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) ni kushiriki kuua viinitete (mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua). La hasha. Mjadala huo ulipamba moto mwaka 1998, James Thomson na wenzake wa Wisconsin, Marekani, walipotenga seli shina kutoka viinitete vya binadamu vya siku chache, ambavyo huharibika seli zinapotolewa. Nami naona wanaolipinga jambo hilo kwa imani yao wanastahili kusikilizwa kwa heshima. Lakini tiba ya mwanao ni upandikizaji wa uloto (nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu), ambao hutumia seli shina za mtu aliye hai, mara nyingi kaka au dada ambaye vipimo vimeonyesha kuwa tishu zao zinalingana, na hufanyika hata Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kwanza dawa kali huua uloto wa zamani, kisha mtoto huwekewa seli hizo, na kwa majuma kadhaa hutengwa chumbani, kwa kuwa hata maambukizi madogo yanaweza kumwua. Waulize madaktari kuhusu hatari hiyo, na kuhusu uwezo wake wa kuzaa baadaye. Ila kliniki zinazotangaza sindano moja ya seli shina kwa kila ugonjwa, kuanzia kisukari hadi kiharusi, nakusihi usizipe hata shilingi.