Nina ugonjwa wa utumbo nitakaoishi nao: vipi udhu, swala na funga yangu?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mwalimu wa madrasa, nakuandikia kutoka Tanga. Kwa muda mrefu nilikuwa naharisha damu, nikitibiwa amiba, kisha taifodi, kisha amiba tena. Mwishowe nikapimwa kwa kamera, nikaambiwa nina vidonda vya utumbo mpana, na kwamba dawa zitautuliza ugonjwa lakini nitaishi nao. Ukinishika naenda chooni usiku na mchana, upepo na damu vinatoka bila hiari yangu. Kuna swala naikata na kuirudia mpaka nalia. Tarawehe nimeacha kwenda. Mama mkwe anasema nimerogwa, niache vidonge ninywe kombe. Ramadhani inakaribia, nami najiuliza nimemkosea nini Mwenyezi Mungu.

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana, binti yangu. Nitaanza na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokuumiza kuliko tumbo.

Imran bin Huswayn, sahaba wa Mtume (S.A.W.), alikuwa na bawasiri. Alipomuuliza Mtume kuhusu swala, alijibiwa: "Swali kwa kusimama, usipoweza, kwa kukaa, usipoweza, kwa ubavu." Hadithi hii ameipokea Bukhari. Isome tena uone: Mtume hakumuuliza ametenda dhambi gani. Alimwonyesha namna ya kuswali na maradhi yake, basi. Na Ibn Mas'ud alimkuta Mtume mwenyewe akiungua homa kali, akaambiwa kwamba homa hiyo ni sawa na ya watu wawili. Kama maradhi yangekuwa dalili ya kuchukiwa na Mola, yasingemfika yeye. Tunachofundishwa ni kwamba hapati Muislamu uchovu wala maradhi, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo makosa yake. Kutubu tunatubu sote kila siku, mzima na mgonjwa. Lakini usikae ukitafuta dhambi iliyokuletea vidonda.

Sasa udhu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, chochote kinachotoka njia ya nyuma, kiwe upepo au damu, hutengua udhu. Ila yule ambaye hadathi, yaani kinachotengua udhu, haimwachii nafasi ana hukumu yake, na asili yake ni Fatima bint Abi Hubaysh, mwanamke aliyetokwa na damu isiyokatika, akaamrishwa atawadhe kwa kila swala.

Kwa hiyo jichunguze. Siku ambayo ndani ya wakati wa swala unapata utulivu wa kutosha kutawadha na kuswali, ungoje utulivu huo hata ukiwa mwisho wa wakati. Hapo wewe ni kama watu wengine. Siku ambayo ugonjwa umewaka na nafasi hiyo hupati, fanya hivi: wakati ukiingia, jisafishe, vaa pedi safi, tawadha kwa nia ya kuhalalishiwa swala, kisha swali papo hapo. Kikitoka kitu katikati ya rakaa, endelea. Swala yako ni sahihi na hairudiwi. Udhu huo ni wa faradhi moja, pamoja na suna kadiri upendavyo. Faradhi inayofuata, tawadha upya.

Nakuomba hasa uache kurudia. Naona wagonjwa wengi wakianza na tumbo na kuishia kwenye wasiwasi, na wasiwasi ni mgumu kuuondoa kuliko najisi. Na haja ikikubana kabla hujahirimia, yaani kabla hujaingia katika swala kwa takbira, nenda kwanza. Mtume amekataza kuswali mtu akisukumana na haja. Swala zikikulemea sana siku za ugonjwa mkali, kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, yaani kuziswali mbili katika wakati wa mojawapo, si kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu, lakini Imam Ahmad, imamu wa madhehebu ya Hanbali, ameruhusu kwa mgonjwa, na Imam Nawawi, mkubwa wetu, aliona rai hiyo ina nguvu. Ichukue unapohitaji.

Tarawehe nyumbani kwako haina upungufu wowote. Hata mwanamume mwenye maradhi haya, akiogopa kuuchafua msikiti, Ijumaa humwondokea, akaswali Adhuhuri. Na darasani, kuisoma Qur'ani kwa moyo hakuhitaji udhu; msahafu washike wanafunzi, wewe sahihisha.

Kuhusu funga, Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya Pili, aya ya 184, kwamba mgonjwa au msafiri atimize hesabu katika siku nyingine. Ugonjwa wako huja na kutulia, ndiyo maana sikuambii moja kwa moja utoe fidia. Mwulize daktari kabla ya Ramadhani: funga itanidhuru? Dawa zangu zaweza kupangwa baina ya futari na daku? Akisema usifunge mwaka huu, kula, ulipe ukipata nafuu. Akisema funga itakudhuru daima na hakuna matarajio ya kubadilika, toa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, huna deni la kulipa. Ukiwa umefunga na ugonjwa ukaamka, fungua. Dawa ya kuingiza njia ya nyuma hubatilisha funga kwetu, basi itumie usiku. Na kama ni lazima mchana, itumie, siku hiyo utailipa.

Ama kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa na kunywewa, wako wanazuoni waliojuzisha, nami sikukatazi. Nakukataza kuacha vidonge. Mtume amesema, "Jitibuni, enyi waja wa Mwenyezi Mungu." Kuna dawa za ugonjwa huu, kama zile za jamii ya steroidi, ambazo kuzikata ghafla ni hatari kwa mwili, na uvimbe wa utumbo ukiachwa miaka bila tiba huongeza uwezekano wa saratani. Anayekuambia uchague baina ya Qur'ani na hospitali amekuwekea sharti ambalo dini haikuweka.

Mama mkwe usishindane naye, anakuogopea. Mumeo ndiye azungumze na mama yake, na siku ya kliniki afuatane nawe, amsikie daktari kwa masikio yake. Mpe asome jibu hili, naye amsomee mama.

Mwenyezi Mungu, Mola wa watu, aondoe shida hii na akuponye. Wallahu aalam.